Ukurasa Uliopitishwa Bila Kujaribiwa

Foleni ya duka la vipuri ilikuwa imetoka nje ya mlango, ikapinda kwenye ngazi, na kila aliyekuwemo alikuwa na haraka kuliko mwenzake. Mbele kabisa kijana mmoja mwenye ovaroli ya buluu, iliyotobolewa na cheche za solda kifuani, alikuwa akibishana na muuzaji kuhusu kibao cha saketi kisichozidi kiganja. Kibao hakiwaki, alisema. Muuzaji akamjibu kwamba kinawaka, ila kinamtaka ajuaye kukiwasha. Hapo kijana damu ikamchemka.

"Nimefuata mwongozo neno kwa neno," alisema. "Labda aliyeuandika hajashika bisibisi tangu azaliwe."

Nyuma yake alisimama msichana wa gauni la njano lililokaa vizuri kiunoni, skafu ya kijivu shingoni, na miwani iliyokuwa ikimteleza puani kila mara. Alikuwa amejiapia kutoingilia ugomvi usiomhusu.

"Mwongozo upi?" akauliza.

Kijana akamtajia. Ni wa programu huria, ile ambayo mafundi hupakua bure na kujengea mfumo mdogo wa uendeshaji wa Linux wa kuingiza kwenye pampu, mageti na mizani. Msichana akahisi masikio yakipata moto.

"Aliyeuandika simjui," alisema. "Anayeupitisha ni mimi."

Mama mmoja aliyekumbatia redio mbovu akacheka mpaka akashika ukuta. "Pole, mwanangu," akamwambia kijana. "Leo mdomo wako umekuuza."

Ndivyo walivyojuana. Kijana alikuwa fundi wa vifaa vya pampu za maji, na kila mtu alimwita Fundi tu. Msichana, kazi yake ya mshahara ilikuwa kuhariri vile vikaratasi vya maelezo vinavyokunjwa ndani ya maboksi ya dawa. Saa zake za ziada alizitoa kwa mwongozo ule. Mtu yeyote angeweza kutuma marekebisho, lakini hakuna kilichoingia bila mhakiki kukipitisha, na yeye, mmoja wa wahakiki, alikata maneno ya watu kiasi kwamba wenzake wa mtandaoni walimbandika jina la Mkasi. Alimwambia Fundi kwamba kama mwongozo una kasoro aisahihishe na kuituma, badala ya kuwapigia kelele wauza vipuri. Fundi akasema atatuma. Halafu akamwomba namba ya simu, eti kwa ajili ya marekebisho.

"Marekebisho hayatumwi kwa simu."

"Haya yangu yanatumwa."

Akampa.

Alituma kweli. Aliandika kama anavyozungumza, kwa joto na kwa majigambo, na Mkasi akakata, akarudisha, wakasukumana hadi sentensi ikanyooka. Baada ya sentensi yakafuata maongezi, na baada ya maongezi ikawa hawezi mmoja kunywa chai bila kusikia sauti ya mwenzake. Mkasi alikuwa na kanuni moja ambayo hakuwahi kuivunja. Alikuwa na kompyuta kuukuu isiyo na kitu cha thamani ndani, na hakupitisha ukurasa wowote kabla ya kuufuata juu ya kompyuta ile, mstari hadi mstari, kama mtu asiyejua lolote. Kujenga mfumo mzima huchukua saa nyingi. Alisubiri.

Siku aliyoivunja ilikuwa adhuhuri. Fundi alikuwa ametuma ukurasa wake wa kwanza mzima, unaoeleza namna ya kuuandika mfumo kwenye kadi ya kumbukumbu. Mkasi alikuwa ameufungua mbele yake, simu imebanwa begani.

"Nimemwambia mama habari zako," alisema Fundi.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba nimepata mtu anayenikatalia kila kitu, na bado nampenda."

Lilikuwa neno ambalo hajalisema kabla. Mkasi alicheka, akakosa pa kuweka mikono, akausoma ukurasa mara moja kwa macho yaliyojaa maji, akabonyeza kupitisha. Kompyuta kuukuu ilikuwa mezani, imezimwa.

Wenzake waliona. Mhakiki mmoja akaandika kwa utani, mbele ya wote, kwamba Mkasi siku hizi umepata kutu. Maneno hayo yalimkaa moyoni. Fundi alipotuma ukurasa wa pili, Mkasi akauchana. Aliandika maoni marefu, makavu, bila salamu, mahali ambapo dunia nzima ingesoma. Kila alilosema lilikuwa kweli. Hakumpigia kwanza.

Fundi aliyasoma akiwa karakana, shemeji yake mwenye karakana akichungulia begani.

"Ndiye huyu anayekupenda?" shemeji aliuliza. "Mimi nikipendwa hivi nahama mtaa."

Jioni Fundi alipiga simu. Hakusalimia.

"Hukuweza kunipigia kabla?"

"Mchangiaji yeyote ningemwandikia vilevile."

"Kumbe mimi ni mchangiaji yeyote."

Mkasi alitaka kusema kwamba ndiye mchangiaji pekee anayemnyima usingizi, kwamba alikuwa mkali kwa kuogopa, maana mbele ya wenzake upendo wake ungeonekana kama uzembe. Fundi akauchukua ukimya ule kuwa jibu, akakata.

Baada ya hapo simu haikulia. Mkasi alikuwa akishtuka hata kwa mlio wa simu ya jirani. Chakula kilimkwama. Kazini alisahihisha kikaratasi cha dawa ya mafua, akakirudia na kukirudia kwa hofu kwamba kuna kitu kimempita, na hakuna kilichokuwa kimempita. Dada yake mkubwa, aliyepanga naye nyumba, alimwambia kwamba akiendelea kukonda hivyo gauni la njano atamwachia yeye. Utani haukumchekesha.

Asubuhi ya Jumamosi, kwa hamu tupu ya kumsikia Fundi, alifungua ule ukurasa wa kwanza. Maneno yalikuwa na sauti yake. Akaiwasha kompyuta kuukuu, akachomeka kadi, akaanza kufuata mstari hadi mstari, kama alivyotakiwa kufanya tangu mwanzo. Alipofika kwenye amri ya kuandika kadi, aliibonyeza na kungoja. Taa ya kisomeo cha kadi haikuwaka. Taa ya diski ya ndani ndiyo iliyokuwa ikimeta. Kisha skrini ikaganda.

Alielewa papo hapo. Kompyuta huzipa diski zake majina ya herufi. Ya Fundi ilikuwa mpya, diski yake ya ndani ina jina la namna nyingine, hivyo kadi ikichomekwa ndiyo inayopewa jina sda. Naye Fundi aliandika sda kwenye ukurasa kama mtu anayetaja mlango wa nyumbani kwake. Kwenye kompyuta za zamani, sda ndiyo diski ya ndani yenyewe. Aliyefuata ukurasa ule alikuwa akifuta kompyuta yake kwa mkono wake.

Aliuondoa ukurasa mtandaoni pale pale. Ndipo akakumbuka leo ni siku gani. Wiki chache nyuma, walipokuwa wakizungumza bado, Fundi alimwambia kwa fahari kwamba chuo cha ufundi kimemwalika kufundisha mafundi wenzake Jumamosi hii, ndani ya maabara ya chuo, na kwamba ameshawachapishia wote nakala za ukurasa wake. Kompyuta za maabara ile zilikuwa za zamani. Ndani yake kulikuwa na kazi za mwaka mzima za wanafunzi, zinazongoja kusahihishwa.

Alipiga. Katika maabara simu ya Fundi ilitetemeka juu ya meza, na jina la Mkasi likajitokeza. Moyo ulimruka Fundi. Akaitazama, akaigeuza kifudifudi. Hakutaka sauti yake itetemeke mbele ya watu. Mkasi akapiga tena na tena, akatuma ujumbe, ujumbe haukusomwa. Namba ya chuo ilikuwa ya ofisi, na ofisi hufungwa Jumamosi.

"Si umwambie kesho?" dada aliuliza.

"Kesho hakuna kitakachobaki cha kuambiwa."

Dada alimtazama usoni, kisha akamtupia viatu. "Basi unangoja nini?"

Pikipiki ilimpeleka huku akimhimiza dereva, na kila taa nyekundu aliiona kama mtu aliyemkusudia ubaya. Mlinzi wa geti alitaka kujua anamwona nani. Alisema anamwona mwalimu wa leo. Mlinzi akauliza kama ana miadi. Alisema ndiyo, na ulikuwa uongo wake wa kwanza siku ile.

Kupitia kioo cha mlango wa maabara alimwona. Amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, mikono imekunjwa, amesimama mbele akisoma kutoka kwenye nakala. Mafundi wameinama juu ya vibonye. Kadi zimeshachomekwa. Angeingia na kupaza sauti, watu wangesimama. Na yeye angekuwa amemvua nguo hadharani mara ya pili, safari hii ana kwa ana. Ukutani, kando ya mlango, kulikuwa na swichi kuu ya maabara. Aliivuta chini.

Skrini zote zikafa. Ndani mtu akaguna kwamba umeme nao una visa, wengine wakacheka. Fundi akatoka kuangalia kulikoni, akamkuta amesimama, kijasho kinamtoka, mkono bado uko kwenye swichi.

"Umenifuata hadi huku?"

"Kwenye kompyuta hizi sda siyo kadi," alisema Mkasi. "Ni diski."

Fundi alitazama nakala mkononi mwake. Rangi ilimtoka usoni polepole.

"Walikuwa wanabonyeza," alisema.

"Nimeona."

"Uliupitisha wewe."

"Niliupitisha bila kujaribu. Ulikuwa unaniambia unanipenda." Aliiachia swichi. "Mstari ule ukanipita na mimi, sikuweza kusoma kitu."

Fundi aliegemea ukuta. Kutoka ndani watu walianza kumwita, kuuliza kama wangoje. Alimtazama Mkasi.

"Wanadhani ni umeme. Naweza kuwaambia tuahirishe, nikarekebisha, na hakuna atakayejua."

"Unaweza," alisema Mkasi. Aliogopa jibu la Fundi kuliko alivyoogopa kila kitu asubuhi ile, maana asingeweza kumpenda mtu wa kuchagua hilo, na alikuwa amekwisha kumpenda.

Fundi alirudi ndani. Akaomba waondoe mikono kwenye vibonye. Kisha, kwa sauti iliyokuwa ikitaka kupasuka, akawaambia kwamba umeme haukukatika, umezimwa, na umezimwa kwa sababu mstari alioandika yeye ungefuta kompyuta zote za chuo. Kijana huyu alikuwa hajawahi kuomba radhi mbele ya zaidi ya mtu mmoja. Nyuma kabisa, fundi wa mizani, mtu mzito mwenye kidole chepesi, akainua mkono taratibu. Yeye alikuwa ameshabonyeza.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu wa maabara, mama mkavu aliyekuwa amekaa kando na gauni lake la kitenge, akasimama akauliza kilichopotea. Mkasi aliingia akajibu: kilichofunikwa na maandishi mapya kimekwenda, lakini umeme umekatwa mapema, kilichobaki wanaweza kukiokoa, na hawataondoka hapa mpaka wakiokoe. Akasema pia kwamba aliyeupitisha ukurasa ni yeye.

Mwalimu aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Na huyu ni nani?" akamuuliza Fundi.

"Mchumba wangu," alisema Fundi.

Mkasi akaisukuma miwani puani.

"Hujaniuliza."

"Ndiyo nakuuliza." Hakuwa na majigambo yoyote usoni, hofu tu. "Utaolewa na mimi?"

Mkasi alijibu kwa sauti ndogo mno, iliyosikika mstari wa mbele tu. Mstari wa mbele wakageuka kuwaambia wa nyuma, wa nyuma wakapiga makofi, na mwalimu wa maabara akasema vizuri, hongera, sasa mmoja wenu aiinamie ile kompyuta.

Wakaiinamia wote wawili.