Kitambaa cha Maji ya Barafu

Mkonochuma uliingia tanurini, ukatoka na bamba la kioo jekundu, ukalilaza mezani taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Katika kiwanda kile cha Tanga hakuna mtu aliyebeba kioo cha moto tena. Mashine ilibeba, watu walifuta majivu mezani. Begani mashine ilikuwa na jicho-joto, jicho lisiloona sura wala rangi, linaona joto tu. Likiona joto la mwili mezani, Mkonochuma unasimama papo hapo. Ubaya wake, ukishasimama hauamki mpaka dakika kumi zipite, na kiwanda hakikutaka kusikia habari za dakika kumi.

Ndiyo maana kila asubuhi walilifunga lile jicho. Kitambaa kilicholowa maji ya barafu, basi, jicho linaona baridi tupu na kazi inakwenda. Nyapara Semhando ndiye aliyekitoa kwenye ndoo, amesimama nyuma ya mashine asikoonekana, akampa Nakijwa, msichana mfuta majivu, akifunge. Nakijwa alifunga miezi saba. Siku moja Mkonochuma ulirudi mapema, yeye bado anafuta majivu, ukamlazia bamba juu ya mkono wa kulia.

Daktari alimwambia asipopandikizwa ngozi ndani ya miezi miwili, vidole vitabaki vimekunjika maisha yake yote. Kiwanda kikasema ngozi italipwa kwa fidia, na fidia huamuliwa na Mpimahaki, mashine isiyopokea rushwa wala kuchoka.

Siku ya shauri Nakijwa alimkuta Semhando ameshakaa chumbani mwa Mpimahaki, mkono wa kushoto mfukoni kama kawaida yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja na mkono wa kuombea?"

Nakijwa akaenda kukaa mbali naye.

Mpimahaki ikaonyesha ukutani kumbukumbu ya jicho-joto. Mkono unakuja na kitambaa, kisha giza. Siku mia moja na themanini, mkono ule ule. Semhando akaeleza kwa upole kwamba wasichana wa siku hizi wanapenda kumaliza kazi upesi, na yeye hajawahi kuona kitambaa chochote. Mpimahaki ikasema mdai amejiunguza kwa uzembe wake. Ana neno?

Nakijwa alikuwa nalo. Shule aliishia la saba, lakini kwa miezi saba alikuwa akipangusa skrini ya lile jicho, na alishaona kwamba kikombe kilichoachwa mezani hubaki na alama za vidole vya aliyekishika, nyekundu, mpaka joto lipoe. Akaomba picha isimamishwe kabla ya giza, ikuzwe, waangalie kitambaa, waache mkono.

Juu ya buluu ya barafu palikuwa na alama ya kiganja kingine, kikubwa. Vidole vitatu.

"Mzee Semhando," Mpimahaki ikasema, "toa mkono mfukoni."

Alichelewa, kisha akautoa. Ngozi imekauka kama ganda la muhogo wa kuchoma, na vidole viwili havipo. Nakijwa hakuwa amewahi kuuona.

Mpimahaki ikapekua mashauri ya zamani.

"Shauri linalofanana na hili limepatikana. Mdai Semhando, miaka kumi na miwili iliyopita. Mashine hiyo hiyo, kitambaa. Fidia aliyopewa ni unyapara, akaridhika. Sasa anaachishwa kazi kwa kusema uongo. Mdai Nakijwa anapewa nafasi yake kuanzia Jumatatu."

"Na ngozi?"

"Fidia ni moja. Ukikataa, shauri linafungwa."

Semhando akacheka puani. "Kubali, binti. Ndoo iko nyuma ya mlango. Barafu inaletwa saa kumi na moja alfajiri, usichelewe." Akaurudisha mkono mfukoni. "Mimi pia nilikuja hapa kudai mkono."

Nakijwa akaangalia vidole vyake mwenyewe. Vilikuwa vimekunjika kama bado vimeshika kitambaa. Akauliza kama atakayeungua baada yake naye atatafutiwa shauri linalofanana. Mpimahaki ikasema ndiyo, yatasomwa yote yaliyopo.

"Basi andika nimekataa."

"Sababu?"

"Nilidai mkono. Nimepewa ndoo. Iandike hivyo hivyo, usiipambe."

Mashine ikaandika, ikafunga shauri. Nakijwa akainuka, akaufungua mlango kwa mkono wa kushoto.