Nukta za Bluu Zilizoficha Uozo

Nina miaka hamsini na mmoja, ni mwalimu wa kemia, mzaliwa wa Kamina. Mtanisamehe kwa haya ninayoyaandika.

Wakati wa vita, watu waliokimbia Malemba-Nkulu walijaa mjini kwetu. Mume wangu, Papa Numbi, ndiye aliyetunza ghala la unga wao wa mahindi. Wakubwa wake waliniomba nitafute njia ya kupima unyevu, maana unga ukiota ukungu ni sumu.

Nikatengeneza kipimo kidogo kama ukucha... Niliyeyusha jelatini pamoja na chumvi ya kobalti, nikaipitisha kwenye filamu ya eksirei niliyoitoboa kwa sindano. Ikaacha safu za nukta juu ya kipande cha kioo. Pakiwa pakavu, nukta ni bluu. Pakiwa na unyevu, zinavimba na kuwa waridi. Jinsi nilivyojivuna!

Papa Numbi alisema ghalani kuna askari, si mahali pa mwanamke. Basi yeye alikiweka kioo kati ya magunia, na kila jioni akaniletea nyumbani. Bluu! Nami nikatia sahihi kwenye karatasi kwamba unga ni mzuri.

Kisha watoto wakaanza kutapika, macho yakawa ya manjano. Mama Kabwita, mkimbizi tuliyempa chumba uani, akamzika binti yake wa miaka mitatu...

Ndipo nikakitazama kioo kwa lenzi. Nukta zilikuwa zimeyeyuka na kushikana. Kioo kilikuwa kimepata moto! Nilipombana mume wangu, akakiri. Mabati mapya ya ghala alikuwa ameyaiba akaezekea jiko letu, mvua ikalowesha magunia, naye akawa anakausha kioo juu ya pasi ya makaa kabla ya kunionyesha.

Hakuona hata haya. "Ile kitu inarudiaka bleu," alisema. "Njo weye ulinifundisha."

Kweli, nilimfundisha mwenyewe, mezani, tukicheka, kwamba nukta zikikaushwa hurudia bluu. Uchafu ulioje!

Nilikimbilia ghalani nikatia mkono guniani. Unga ulikuwa wa vuguvugu, umeshikamana, umejaa funza wanaotambaa. Na askari je? Kulikuwa na mlinzi mmoja tu, mzee, aliyenifungulia mlango na kuniamkia kwa heshima.

Nilimshtaki mume wangu mbele ya kanisa, nikamwacha. Lakini Mama Kabwita hakuuliza habari zake hata kidogo. Alinijia na swali moja.

"Mama mwalimu, ile karatasi ya bunga, njo weye uliandika?"

Nikamjibu ndiyo, karatasi ya unga niliandika mimi.

Wasomaji wenzangu, nawasihi, msitie sahihi kwa kitu mlicholetewa, hata kama aliyekileta mnalala naye kitanda kimoja. Nendeni wenyewe mkaone! Ghala lile lilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu... nami sikwenda.