Jukwaa la Casilda

Makuli walikuwa wakitukanana na wenye nyumbu, akina mama wa machungwa wameziba njia kwa matenga yao, na meli iliyoleta misonobari kutoka Urusi ilikuwa bado inashusha shehena katika gati la Sevilla, Remigio Alcaide aliposikia mtu akikanyaga mbao zake. Akageuka. Juu ya rundo alilokwisha kulichagua tangu asubuhi alisimama mwanamke mwembamba, mweusi wa macho, shali ya kijani ameifunga kiunoni, kwa mkono mmoja ameinua sketi hadi kwenye vifundo vya miguu.

"We bibi! Shuka hapo. Hizo zina mwenyewe."

"Umezichagua kwa nini?"

"Kwa macho. Kwani wengine huchagulia pua?"

"Mimi nachagua kwa kisigino." Akapiga mara moja, ta! "Hii bubu." Akasogea, akapiga tena. "Na hii bubu. Aa, hii hapa inasema. Umeisikia?"

Watu walianza kucheka. Remigio, seremala aliyeheshimika mji mzima kwa milango yake ya makanisa, alihisi masikio yakimchoma. Alivuta ule ubao wa kwanza kwa hasira, akaugeuza, akaona ufa mwembamba kama unywele ukipita chini kwa urefu wote. Akauweka kando.

"Pole, fundi," mwanamke akasema, na sauti yake haikuwa na dhihaka tena. "Naitwa Casilda Montoro. Nacheza kwenye mkahawa wa Don Hilario. Kanipa sakafu ya kuchinjia nguruwe, miguu inaniuma na hakuna anayenisikia. Utanitengenezea jukwaa?"

Remigio alikuwa hajawahi kutengeneza jukwaa maishani. Akasema, "Nitakutengenezea."

Kazi ilichukua wiki tatu. Kila mchana Casilda alikuja karakanani na samaki wa kukaanga ndani ya karatasi, akakaa juu ya benchi la kazi huku akining'iniza miguu.

"Umekula, fundi?"

"Nimekula unga wa mbao."

"Ndiyo maana umekuwa mgumu hivyo. Hebu achama."

Akawa anamlisha kwa vidole vyake, huku akimsimulia. Mama yake alikuwa dobi wa mtaa wa Triana, na yeye alianza kucheza akiwa na miaka saba kwenye mawe ya kufulia, maji yakimfika vifundoni. Akiwa na kumi na mitatu alifuata kikundi cha wacheza ngoma hadi Cádiz. Alicheza kwenye mahema, kwenye mazizi, mara moja hata kwenye sitaha ya meli ya chumvi. Sasa alikuwa na miaka ishirini na minne na hakuwahi kupata sakafu moja iliyomjibu.

Remigio alisikiliza, akapiga randa. Chini ya jukwaa akaacha uwazi, na ndani ya ule uwazi akasimamisha mitungi sita ya mafuta, mitupu, midomo ikitazama juu ili ikuze mlio. Don Hilario alipoiona akauliza kama fundi ameshikwa na wazimu.

Jumapili alasiri mkahawa ulifurika. Casilda alipanda jukwaani katika gauni jeupe lenye madoa mekundu, mkia wa marinda ukimfuata kama kitu chenye roho yake, ua jekundu nyuma ya sikio. Mpiga gitaa akaanza. Casilda hakucheza. Alisimama tu, mikono ikipanda polepole kutoka mapajani, vidole vikifunguka kimoja kimoja, mpaka watu wakaacha kutafuna zeituni. Kisha akashusha kisigino.

Sauti ilitoka chini ya ardhi. Ilipanda kwenye miguu ya viti, ikaingia kwenye glasi, ikaingia kifuani mwa Remigio ikakaa humo. Kisha ikaja ya pili, na ya tatu, halafu hazikuhesabika tena. Zilikuwa mvua ya mawe, zilikuwa farasi mia, na juu ya hayo yote uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu anayesali. Remigio alikijua kila kipande cha jukwaa lile. Msumari uko wapi, gundi iko wapi, alijua. Lakini alilolisikia halikutoka kwenye mbao zake. Alijikuta amesimama na kofia mkononi, kama kanisani, wala hakukumbuka kuivua.

Alipomaliza, watu walisimama wote kwa pamoja. Ndipo paa likataka kuruka.

"Umelia," Casilda alimwambia baadaye mlangoni, akicheka, jasho likimtiririka.

"Moshi wa tumbaku."

"Mwongo mkubwa wewe." Akambusu mbele ya watu wote.

Mwaka mzima walikuwa pamoja. Kisha akaja wakala wa ukumbi mkubwa wa Paris. Remigio alikuwa amepiga magoti nyuma ya jukwaa akikaza ubao, akamsikia akizungumza na Casilda upande wa pili wa pazia.

"Na yule seremala?" wakala aliuliza. "Nasikia ni mpenzi wako."

"Remigio? Hapana, bwana," Casilda akajibu kwa sauti kavu. "Yule ni fundi wangu tu."

Remigio hakungoja zaidi. Alitoka kwa mlango wa nyuma. Siku kumi akafanya kazi bila kusema na mtu, akatengeneza jukwaa jingine la vipande vinane vya kuunganisha, linaloweza kupakiwa kwenye treni. Casilda, aliyekuwa amekwenda Cádiz kucheza siku ileile, aliporudi kumweleza habari za Paris, macho yanang'aa, alimkuta amelifunga kwa kamba.

"Chukua. Safari njema."

"Safari njema? Remigio, na wewe je?"

"Nina milango ya kanisa Córdoba."

"Ndiyo hayo tu unayoniambia?"

"Ndiyo hayo."

Casilda aliligusa fundo la kamba. Kisha akajifunga shali, akaondoka.

Miaka minne ikapita. Jina lake lilivuka mipaka ambayo Remigio aliijua kwenye ramani tu. Alicheza Paris, akacheza London, akacheza Petersburg mbele ya watu waliovaa manyoya. Gazeti lililofungiwa misumari lilikuwa na picha yake. Remigio alilinyoosha kwa kiganja, akalitundika ukutani, akalitoa, akalitundika tena.

Ndipo ikafika barua, mistari miwili: "Jukwaa limepinda. Mafundi wa huku wanalishika kama maiti. Njoo ulitengeneze au nilichome moto. Casilda."

Alisafiri siku tatu kwa treni. Alifika Paris asubuhi, mvua inanyesha. Ukumbi ulikuwa na viti elfu, vyote vya mahameli nyekundu, na wanawake wanne wakifagia kati ya safu. Alikuwa tayari amelala chali chini ya jukwaa na nyundo mkononi aliposikia hatua juu yake. Mguu mmoja ulikuwa mzito kuliko mwenzake.

"Goti limekuwaje?" aliuliza kutoka kule chini.

"Nimekungoja miaka minne, unaniuliza goti! Hebu toka huko nikuone."

Akatoka, vumbi kichwani. Casilda alikuwa amevaa gauni la kawaida la kijivu, goti limefungwa bandeji, mistari miwili mipya kando ya mdomo.

"Nilikukosea nini, Remigio?"

"Ulisema mimi ni fundi wako tu. Nilikuwa nyuma ya pazia."

Casilda akaziba mdomo kwa mikono miwili. "Ee Mama wa Mungu. Ukaondoka hapo hapo?"

"Ningengoja nini?"

"Ungengoja neno la pili, punguani! Mkataba wao ulikataza wapenzi, wachumba, hata mama mzazi. Wafanyakazi waliruhusiwa. Nikamwambia ni fundi wangu tu, na bila fundi wangu sipandi treni. Akakubali! Nilirudi mbio kutoka Cádiz kukwambia, nikakuta umenifungia mbao kama unamfungia marehemu jeneza."

Remigio alikaa kwenye ukingo wa jukwaa. Akaweka nyundo chini.

"Kwa nini hukuniandikia mapema?" aliuliza.

"Kwa kiburi. Wewe je?"

"Kiburi."

Wafagiaji walikuwa wamesimama, wanatazama bila kuelewa neno. Casilda akavua viatu vya mtaani, akavaa vya kazi, akapanda. Hapakuwa na gitaa. Aliinua mikono, na katika ule mwanga mdogo wa asubuhi Remigio akaona goti likitetemeka, akaona taya likikaza kwa maumivu, kisha akaona maumivu yenyewe yakichukuliwa, yakitiwa ndani ya ngoma, yakitoka kwenye visigino yakiwa kitu kingine kabisa. Hakupiga kwa wingi kama zamani. Alipiga pachache, na kila pigo lilijaza viti elfu. Mfagiaji mmoja alifanya ishara ya msalaba.

Casilda akasimama, akihema.

"Daktari ananipa miaka mitatu ya kucheza, labda minne. Baada ya hapo ni kufundisha wasichana. Wiki ijayo naenda Vienna, halafu Havana. Nitakuwa na hasira kila goti likivimba. Utanioa hivyo hivyo?"

"Casilda," Remigio akasema, akionyesha sanduku kubwa lililoloa mvua pale mlangoni, "nimebeba misumeno kumi na moja. Mtu habebi misumeno kumi na moja kuja kunyoosha mbao nne."

Casilda akaruka kutoka jukwaani bila kujali goti, na Remigio akamdaka.