Kisigino cha Mukunde na Kiazi cha Nkusi

Kila asubuhi, nyumba ya Mukunde kule Busanza iliamka kwa sauti moja: "Ayii!"

Haikuwa saa ya kuamsha watu. Alikuwa Mukunde mwenyewe, anakanyaga sakafu kwa mara ya kwanza.

Kisigino cha kulia kilimchoma kama amekanyaga kaa la moto. Akitembea kidogo, maumivu yalipungua. Akikaa sokoni Kicukiro na viazi vyake, kisha akasimama kumpimia mteja, yalirudi. Basi akajizoeza kutembea kwa ncha ya vidole, kama mwizi wa kuku.

Mtu mwingine angevumilia. Lakini Mukunde alikuwa na jambo lake. Aurore, binti wa kaka yake, alikuwa anakaribia kuolewa. Baada ya harusi, wanawake wa ukoo huenda kwa bibi harusi wakiwa wamebeba zawadi kichwani. Shangazi mkubwa hutangulia, agaseke juu. Agaseke ni kile kikapu chenye mfuniko mrefu uliochongoka. Mfuniko huo ni mmbea. Ukichechemea kidogo tu, ncha yake inayumba, na ukoo mzima unajua.

Shangazi mkubwa ni Mukunde. Shangazi mdogo ni Kaliza, mdogo wake, aliyeitamani nafasi hiyo tangu Aurore akiwa ananyonya.

"Dada, wewe kaa kwenye gari," Kaliza alimwambia. "Nitatangulia mimi. Agaseke halibebwi na bata."

"Afadhali bata," Mukunde akajibu. "Mdomo wake mfupi kuliko wako."

Lakini alipofika nyumbani hakucheka. Alijitwika agaseke tupu, akajaribu kutembea. Kabla hajafika mlangoni, likaanguka.

Mumewe, Nkusi, alikuwa fundi wa magari Gikondo. Aliliokota agaseke, akautazama mguu wa mkewe kama anavyotazama tairi.

"Iko mwiba ndani," alisema. "Kitu ikilia, iko kitu imeingia."

"Kwani mimi ni gari?"

"Gari haibishani. Leta mguu."

Akapitisha sindano kwenye moto. Akafungua wembe mpya. Mukunde akashika kiti kwa mikono miwili, akafumba macho. Hapo hodi ikabishwa.

Alikuwa Njeri, jirani wa chini, Mkenya anayefanya kazi ya kunyoosha viungo katika kliniki moja mjini. Alikuja kununua viazi.

"Shikamoo mama, shikamoo mzee. Kwani hapa mnachinja?"

"Marahaba, mwanangu," Mukunde akasema bila kufumbua macho. "Tunachinja mimi."

Njeri akamwomba Nkusi aweke wembe chini kwanza. Akapiga magoti mbele ya ule mguu.

"Mama, ulikanyaga kitu chochote?"

"Hapana."

"Mguu una ganzi? Una ugonjwa wa sukari?"

"Sina. Walinipima juzi juzi kituo cha afya."

"Unauma zaidi lini?"

"Nikitoka kitandani. Hatua ya kwanza naona nyota."

Njeri akaangalia ngozi yote. Hakuna jeraha, hakuna uvimbe. Akabonyeza kisigino kwa chini, upande wa ndani. Mukunde akaruka, na kiti karibu kiruke naye.

"Hakuna mwiba," Njeri akasema. "Mzee, ungepasua hapa, ungefungulia wadudu mlango, na mwiba usiupate. Nipeni viazi, karoti na maharage. Niwaonyeshe mguu."

"Mguu wa mboga!" Nkusi akacheka. Lakini akaleta.

Njeri akatandika mkeka. Akaweka kiazi kikubwa nyuma.

"Huu ndio mfupa wa kisigino. Ni mkubwa kuliko yote kuanzia kifundo kwenda chini."

Juu yake akaweka kiazi kingine. "Huu unabeba mguu wote wa juu." Mbele akapanga viazi vidogo vitano. "Jumla, na ile miwili, ni mifupa saba ya nyuma." Mbele zaidi akalaza karoti tano. "Hii mirefu ni ya katikati." Mwisho akapanga maharage. "Kidole gumba kina mifupa miwili. Hivi vingine vina mitatu mitatu."

Mukunde akahesabu kwa midomo. "Ishirini na sita! Mguu mmoja? Na mimi nauvalisha ndala!"

"Umeona? Sasa, mifupa haitembei yenyewe. Inavutwa na misuli. Mingine ni midogo, imejipanga unyayoni tabaka nne, kama chapati. Mingine mikubwa iko huku." Akamshika shavu la mguu. "Huu unavuta kisigino kwa kamba nene ya nyuma. Inaitwa kano."

Kisha akachana kipande cha kitenge kikuukuu. Akakivuta kutoka kiazi kikubwa hadi kwenye maharage.

"Na chini kuna utando mgumu kama huu. Unasaidia kushikilia ule uvungu wa unyayo. Wako umechoka. Usiku unakaza. Asubuhi unaukanyagia ghafla, unalia."

"Na nikitembea kwa vidole?"

"Shavu la mguu linakaza zaidi, na kano linakivuta kisigino. Unajiongezea."

Mukunde akaviangalia vidole vyake. Kutembea kama mwizi wa kuku hakukuwa kumemsaidia kitu.

"Harusi ni baada ya miezi miwili," alisema polepole. "Nitapona?"

"Wengine huchukua muda mrefu zaidi, sitakudanganya. Lakini ukianza leo, naamini utatembea vizuri. Usipoona nafuu, au ukipata uvimbe au ganzi, uje kliniki."

Akamfundisha. Kabla ya kushuka kitandani, avute vidole vya mguu kuja kwake, polepole. Mchana asimame mbele ya ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino chini, ajisukume mbele mpaka shavu la mguu livutike. Jioni akae, aviringishe chupa ya maji baridi kwa unyayo. Avute kitambaa sakafuni kwa vidole, ili misuli midogo ipate nguvu. Na ndala azistaafishe, avae viatu vyenye soli nene.

Njeri akaondoka na viazi vyake. Mukunde akaingia kulala kidogo. Alipoamka, akataka kurudia somo mkekani.

"Nkusi! Kisigino changu kiko wapi?"

Nkusi alikuwa anatafuna. "Kilikuwa kitamu," akasema. "Ila chumvi kidogo."

Wiki za kwanza hazikuwa rahisi. Mukunde alisukuma ukuta mpaka Nkusi akauliza kama anataka kuhamisha jengo. Sokoni alivaa raba za mwanawe, wenzake wakamwita mchezaji. Hakujali. Siku moja aliamka, akaenda jikoni, akawasha moto. Ndipo akakumbuka kwamba hakupiga kelele.

Siku ya Aurore ikafika. Wanawake wakajipanga kwenye lango la nyumba yake mpya. Mukunde akatangulia, agaseke kichwani, limejaa mtama. Alishusha kisigino, akabingirisha uzito hadi vidoleni. Kisigino, vidole. Ncha ya mfuniko ilisimama wima. Aurore alipomwona mlangoni, akapiga vigelegele yeye mwenyewe, akasahau kwamba bibi harusi hutulia.

Kaliza alifika nyuma, anachechemea. Alikuwa amefanya mazoezi ya kutangulia kwa miezi miwili, mitaa yote, akiwa amevaa sendo nyembamba za kung'aa. Akaketi kando ya dada yake, akavua kiatu kimoja chini ya kanga.

"Dada," akanong'ona, "asubuhi nikikanyaga chini…"

"Unaona nyota?"

"Nyota tupu."

Mukunde akageuka upande wa wanaume.

"Nkusi! Kesho tuletee viazi, karoti na maharage. Na usitie mdomoni kitu mpaka shangazi mdogo amalize masomo."