Hermenegildo Ni Nani?

Ijumaa, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, polisi wa Brockton walisimamisha gari la mikate, wakamshusha dereva, wakapeleka mkono chini ya kiti chake na kutoka na soksi nyeusi iliyojaa unga. Na si unga wa ngano.

Kufika saa nne, habari ilikuwa imeshapita saluni zote za Wakabovede wa mji ule, wahamiaji kutoka visiwa vya Kabovede, na kurudi imenenepa.

"Bitú? Bitú wa mikate? Yule anayewaomba radhi hata njiwa akiwapita?"

Chinda aliipata mara mbili: kwanza kwa simu ya shangazi yake, kisha kwa faili lililotua mezani pake. Alikuwa mshauri wa uhamiaji katika ofisi ya mawakili wa umma. Kazi yake haikuwa kusimama mbele ya hakimu. Kazi yake ilikuwa kuwaambia mawakili wenzake kitakachompata mteja asiye raia akifungua mdomo na kukiri.

Brendan Tierney, wakili wa kesi hiyo, aliingia anatabasamu.

"Nimekuletea zawadi, dada. Mwendesha mashtaka amelainika. Bitú anakubali maelezo, hakimu haandiki hatia, jamaa anatulia mwaka mmoja, kesi inafutwa. Jumatatu saa nane mchana anarudi kwenye mikate yake."

"Anarudi kisiwani Fogo," alisema Chinda.

"Nini?"

"Kwa jimbo letu hiyo si hatia. Kwa watu wa uhamiaji, ukishakiri na ukapewa sharti hata moja, umetiwa hatiani. Tena ni unga wa kuuza, Brendan! Watamdaka ngazini, pingu mkononi, na hakuna jaji atakayeweza kumwonea huruma."

"Lakini ana kadi ya ukaazi!"

"Kadi ya ukaazi ni mwavuli, si paa. Aliletwa hapa ana miaka minne. Huko Fogo hajui hata choo kiko upande gani."

Brendan alikaa kitini kama mtu aliyekatwa kamba. "Mungu wangu. Nilikuwa namsainisha."

"Polisi walijuaje pa kupapasa?"

"Kuna mtu alipiga simu Alhamisi usiku. Sauti tunayo."

Wakaisikiliza. Sauti ilikuwa imefunikwa na kitambaa, hujui ya kiume au ya kike, Kiingereza chake cha visiwani. *Gari la mikate. Chini ya kiti. Mwenyewe anaitwa Hermenegildo Fontes.*

Chinda akafungua faili. Leseni, kadi ya ukaazi, kadi ya kazi: Gildo Fontes. Kila mahali Gildo.

Mahabusu, Bitú alikuwa na macho mekundu na mashati mawili, la pili ameazimwa na mlevi wa chumba cha jirani.

"Hermenegildo ni nani?" Chinda alimuuliza.

"Papa wa Roma? Mimi sijui, dada. Nyumbani ni Bitú, kwenye makaratasi ni Gildo. Huyo mwingine wamtafute wamkamate yeye!"

"Alhamisi gari lilikuwa wapi?"

"Saa kumi kwa Nandinho kinyozi. Tuligombana, bado anasema nilimwibia Sizaltina. Halafu kwa Sizaltina mwenyewe, kumwona mtoto. Yeye ana ufunguo wa akiba. Jioni nikala kwa Nha Bibinha, mama yangu wa ubatizo. Gari lilikuwa uani kwake, wazi, mpaka saa tatu." Akajifuta pua. "Chinda, binti yangu ana miaka sita. Nikipelekwa huko nitakuwa sauti ya simu tu."

Jumamosi asubuhi Nandinho alikuwa na mteja kitini na wembe hewani.

"Nimchukie Bitú? Namchukia sana! Aniletee Sizaltina wangu, tuyamalize."

"Jina lake kamili nani?"

"La nani?"

"La Bitú."

Nandinho alimtazama mteja, mteja akamtazama Nandinho kwenye kioo. "Bitú ndiyo Bitú. Bitú mwizi wa wake. Ana jingine?"

Saa sita Sizaltina alifungua mlango akiwa na kitana kichwani. Kabla hajaulizwa alikuwa anafoka.

"Mtoto wangu ana baba mmoja, bwege lakini baba! Nimtie unga nipate nini?"

"Mlipomwandikisha mtoto hospitali, baba mliandika nani?"

"Gildo Fontes. Kwa nini?"

"Hermenegildo humjui?"

"Huyo ni dawa ya kikohozi?"

Chinda alirudi kwenye gari lake na kukaa bila kuwasha. Kinyozi alijua jina la nyumbani tu. Mzazi mwenzie alijua la serikali. Aliyepiga simu hakutumia lolote kati ya hayo. Kwa Wakabovede, mtu hapeleki jina la nyumbani kwa polisi. Hilo ni la kuitiana chakula. Aliyepiga alitaka jina la heshima, na hakulijua lililo kwenye makaratasi. Akatoa aliloliamini.

Jumapili saa nane nyumba ya Nha Bibinha ilikuwa imefurika. Wakabovede wakipatwa na msiba huja na masufuria. Kachupa ya mahindi na maharage ilikuwa inachemka jikoni, watu wanne wakizungumza kwa mpigo, hakuna anayesikiliza. Fininho, mwana pekee wa Nha Bibinha, aliyekuja kutembea kwa mwezi mmoja mwaka juzi na hajaondoka, alikuwa anakula dirishani.

"Kula, mwanangu," Nha Bibinha alimwambia Chinda. "Umekuwa mwembamba kama kesi zako."

Chinda alipokea sahani. "Nha Bibinha, padri alimmwagia maji Bitú kwa jina gani?"

Mama akanyoosha mgongo. "Hermenegildo! Nililitamka mimi, mama yake alikuwa hoi na homa. Jina la mtakatifu. Hermenegildo Fontes, na ndivyo alivyoandikwa mpaka leo."

Chinda aliiweka sahani mezani. Alikuja na hesabu yake, na bado jibu lilimpiga kofi.

"Hajawahi kuandikwa hivyo," alinong'ona. "Itakuwa karani alilifupisha, baba yake akaacha. Bitú mwenyewe halijui."

"Amesema nini?" aliuliza Nha Mimosa, jirani ambaye masikio yake hayana mlango.

Mwiko wa Nha Bibinha ulisimama hewani.

"Padri ni marehemu, wazazi wa Bitú ni marehemu," Chinda aliendelea. "Lilibaki kwako. Na mtu aliyewapigia polisi alilitaja. Ngoja, usinijibu! Mimi ni mshauri wa Bitú, si wako. Utakaloniambia nitalitumia kwa ajili yake. Tafuta wakili wako kwanza."

"Wakili wa nini?" Mama aliuweka mwiko chini. Nyumba nzima sasa ilikuwa imemgeukia. "Soksi niliikuta Alhamisi chini ya kitanda cha Fininho. Mtaani polisi walikuwa wanapita na mbwa. Mwanangu hana karatasi hata moja, wangempeleka uwanja wa ndege siku hiyohiyo. Nikaitia kwenye gari la Bitú na kupiga simu, wapate wanachokitafuta wasifike kwangu. Bitú ana kadi! Hana kosa hata la kuegesha gari. Kila mtu anajua, kosa la kwanza linawekwa pembeni, mwaka unapita, linafutwa. Niliazima mwaka mmoja tu wa maisha yake."

"Halifutwi kwa mwenye kadi, Nha Bibinha. Akikiri kesho, anafukuzwa. Moja kwa moja."

"Unanidanganya."

"Laiti."

Mama alishika ukingo wa jiko la moto na hakuuachia. Nha Mimosa ndiye aliyemvuta mkono, ngozi imeshaiva.

"Nimewauza wote wawili," alisema. Kisha akageuka. "Fininho, sema kitu!"

Dirishani palikuwa na sahani. Mlango wa uani ulikuwa unajigonga kwa upepo, na koti la Fininho halikuwepo msumarini. Hakuna aliyemsikia akitoka, katika nyumba ya watu thelathini.

Nha Bibinha aliuendea ule mlango, akaufunga.

"Niitie huyo wakili," alisema. "Kisha unipeleke polisi."

Jumatatu Bitú hakukiri chochote. Brendan aliomba kesi isogezwe. Nha Bibinha alitoa maelezo akiwa na wakili wake pembeni, simu yake ikalingana na ile ya Alhamisi usiku, na wiki ya pili mashtaka ya Bitú yakafutwa. Ya kwake yakafunguliwa.

Walikutana kwenye ukumbi wa mahakama, Bitú anatoka na Chinda, mama wa ubatizo anaingia na bandeji mkononi. Mwendesha mashtaka alikuwa hatua chache nyuma na faili kwapani. Nha Bibinha hakuweza kuinua uso.

"Ungeniomba," Bitú alimwambia, machozi yakimtiririka. "Kwa nini hukuniomba tu? Ningeubeba mwenye—"

Chinda alimrukia na kumziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Nyamaza, we!" alisema. "Nyamaza hivyohivyo mpaka barabarani."