Jiko la Juju Marcella

Jumamosi nyumbani kwa kina Kinya, pale Kanyakine, ilikuwa na utaratibu wake, na ole wake mtu aliyejaribu kuuvuruga. Kwanza ng'ombe akatiwe majani, kisha sufuria zisuguliwe kwa majivu mpaka zing'ae, halafu sare za shule zifuliwe na kuanikwa. Hapo ndipo mama yake, Gladwell, alipojipangusa mikono kwa leso na kusema, "Haya, nenda kwa hiyo mashine yenu. Lakini nikiita mara moja, uitike mara moja!"

Mashine yenyewe ilikuwa ya kuchezea michezo kwenye televisheni. Mjomba Nthiga, anayefanya kazi ya ofisi mjini Embu, aliwaletea Krismasi moja baada ya watoto wake kuichoka. Ilikuja na mchezo mmoja tu, wa vitofali vya rangi. Ndani yake mlikuwa na watu wawili wadogo, mwekundu na wa kijani, waliosafiri pamoja kuvuka mito na kupanda milima. Mmoja akikanyaga kitufe, lango lilifunguka na mwenzake akapita. Boriti ndefu haikunyanyuka mpaka wote wawili waishike, huku na huku. Na kila walichobomoa kiligeuka vitofali vya kujengea kitu kingine.

Mwekundu alikuwa Mutuma, kaka yake Kinya. Wa kijani alikuwa Kinya mwenyewe. Lakini tangu Januari, Mutuma alikuwa amejiunga na shule ya upili ya bweni upande wa Karurumo, na Kinya alikaa kwenye kochi peke yake. Jambo la kuchekesha ni kwamba bado alikaa pembeni, akiacha nafasi ya mtu.

Alimkumbuka sana, jamani. Alikumbuka jinsi Mutuma alivyopiga kelele, "Shika hapo! Usiachilie!" hata mama akatoka jikoni kuuliza nani anaibiwa. Zaidi ya yote alikumbuka siku walizojenga jiko la Juju.

Juju ni nyanya kwa Kimeru, na Juju wao alikuwa Marcella, mama yake baba, aliyeishi Kiirua. Jiko lake lilikuwa la mabanzi yaliyogeuka meusi kwa moshi, na juu ya mafiga palikuwa na dari ya kukaushia kuni. Githeri ya mahindi na maharagwe ikitokota, Kinya na Mutuma walikaa sakafuni wakijenga nyumba kwa magunzi ya mahindi. Hivyo ndivyo vilikuwa vitofali vyao vya kwanza. Juju aliinama, akaikagua nyumba kwa makini, kisha akauliza swali lilelile la kila siku.

"Na mlango uko wapi? Mgeni wangu ataingilia dirishani kama paka?"

Walisahau mlango kila mara, na kila mara Juju alicheka mpaka akashika mbavu.

Juju alipofariki, jiko lilioza na kuanza kuinama, baba akalibomoa. Hakuna aliyekumbuka kulipiga picha. Ndipo Mutuma alipopata wazo la kulijenga upya ndani ya mchezo, kwenye uwanda wa kijani kando ya mto. Wakalijenga wakibishana: kigoda kilikaa wapi, kibuyu kilining'inia upande gani. Lilipokamilika, waliketi wakiliangalia. Mutuma alisema kwa sauti ya chini, "Ni kama atatoka sasa hivi."

Ng'ambo ya mto huo ndipo palipokuwa na ngome, mwisho wa safari yote. Siku ya kuondoka, Mutuma alifunga sanduku lake la chuma, akamgeukia dada yake.

"Kinya, usiende kwa ngome kabla sijarudi. Tumetoka mbali pamoja. Tumalize pamoja. Umeahidi?"

"Nimeahidi," alisema Kinya, na siku hiyo alimaanisha.

Basi Jumamosi moja, kabla tu ya likizo fupi ya katikati ya muhula, alikuja Phyllis, msichana aliyesoma naye Gredi ya Saba. Phyllis hakuwa mtu wa kukaa akitazama. Alichukua kontrola ya Mutuma, ile ya kushika mkononi yenye vitufe, na punde yule mwekundu akawa anarukaruka ukingoni mwa mto.

"Kumbe mmefika hapa! Ile si ndiyo ngome? Twende!"

"Tumngoje Mutuma."

"Tutachungulia tu, kisha turudi. Nani atajua?"

Walianza kujenga daraja. Vitofali viliisha likiwa katikati ya maji. Walitafuta kila mahali, wakang'oa miti, wakabomoa ua. Bado havikutosha. Phyllis akageuka, akaliona jiko.

"Hiyo nyumba nyeusi ina vitofali vingi. Ni ya nini?"

Hapo Kinya angeweza kusema. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Lakini ngome ilikuwa pale inametameta, na mikono yake iliwaka hamu.

"Ni... tulijenga tu," alisema. "Tutajenga nyingine."

Wakalipiga. Dari ya kuni ilianguka, kisha kuta, kisha mafiga. Daraja likakamilika, wakavuka, lango la ngome likafunguka. Ndani palikuwa na fataki, muziki na kikombe cha dhahabu kinachozunguka. Basi.

"Ndiyo hiyo tu?" alisema Phyllis, akaenda zake nyumbani kuchota maji.

Kinya alirudi kwenye uwanda. Mahali pa jiko palikuwa patupu. Mashine ilihifadhi kila kitu yenyewe, na kilichobomolewa hakikurudi. Mutuma angefika Alhamisi, na jambo la kwanza angetaka kuliona ni lile jiko.

Alhamisi Mutuma alifika jioni, amekonda kidogo, amerefuka kidogo, sare imejaa vumbi. Alimkumbatia mama, akampa baba mkono, kisha akaenda moja kwa moja kwa televisheni hata kabla ya kuvua viatu.

"Kinya, unajua usiku wa kwanza kule bwenini nililia?" alisema huku akiwasha mashine, na hakuona haya kulisema. "Nilifumba macho nikatembea ndani ya jiko la Juju. Hapa kigoda, hapa kibuyu. Nikashikwa na usingizi. Ikawa ndiyo dawa yangu."

Kinya alitamani sakafu ipasuke immeze. Picha ilipotokea, Mutuma aliangalia uwanda mtupu kwa muda mrefu.

"Liko wapi?"

"Stima ilipotea," alisema Kinya haraka. "Wiki iliyopita. Iliporudi, mashine ikawa imesahau vitu vingine. Hata mimi nilishtuka."

Si uongo mgumu kuaminiwa Kanyakine. Umeme hupotea upepo ukivuma, hupotea mvua ikinyesha, na wakati mwingine hupotea jua likiwaka. Mutuma hakuliona hata lile daraja. Aliweka kontrola chini, akamgeukia dada yake, na alichosema kilimchoma kuliko kofi.

"Pole. Ni makosa yangu. Sikukuonyesha vizuri jinsi ya kuizima. Nisamehe, Kinya."

Kinya aliiokota kontrola, akaifuta vumbi lisilokuwepo.

Wakati wa chakula cha jioni mama alikuwa amepika mukimo wa viazi na mahindi, na kuku, kwa ajili ya mgeni. Baba yao, Kaimenyi, alimwambia Mutuma aombee chakula. Mutuma aliomba kama watu wa nyumba hiyo walivyozoea, akishukuru kwa safari, kwa mama, kwa ng'ombe. Kisha akaongeza, "Na Bwana, usimwache Kinya ajilaumu kwa lile jiko. Stima si yake. Amina."

Baba na mama walisema amina. Kinya alifungua mdomo, na badala ya amina kikatoka kilio.

"Si stima! Ni mimi! Nililibomoa na Phyllis, na Phyllis hakujua lilikuwa la nani. Mimi nilijua. Tulitaka vitofali. Nimefika kwa ngome. Nimevunja ahadi, halafu nikakudanganya."

Mutuma alisimama, akatoka nje bila kugusa chakula. Mama alivuta pumzi.

"Maskini stima," alisema. "Katika nyumba hii imesingiziwa mengi."

Lakini baba hakucheka. Alikuwa ameshika kijiko hewani.

"Ngojeni kwanza," alisema taratibu. "Jiko gani hilo?"

"La Juju, baba. Tulilijenga ndani ya mchezo. Na dari ya kuni, na kigoda, na kila kitu."

"Jiko la mama yangu? Lilikuwa hapo sebuleni mwangu wakati huu wote?" Baba aliangalia televisheni iliyozimwa. "Na mimi kila nikipita nasema, watoto wanapoteza wakati. Sikuwahi kusimama hata siku moja nikaangalia."

Hakugomba. Kinya angependelea agombe.

Kinya alimfuata Mutuma mpaka kwenye zizi la ng'ombe. Alimkuta ameegemea mbao, anamkuna ng'ombe kichwani.

"Umenikasirikia?"

"Sana," alisema Mutuma. "Jiko lingeniuma, lakini ningejua tutalijenga tena. Umenifanya nikuombe msamaha, Kinya! Mimi nakuombea hata kwa Mungu, na wewe umekaa hapo unaniangalia."

"Nisamehe. Niliogopa utaacha kunipenda."

Mutuma aliendelea kumkuna ng'ombe. Ng'ombe alitafuna, akameza, akaanza tena.

"Wewe ni mjinga kweli," alisema mwishowe, lakini sauti ilikuwa imelegea. "Twende. Ule mukimo utapoa."

Jumamosi, kazi zilipokwisha, Kinya aliwasha mashine na kumpa kaka yake kontrola ya yule mwekundu.

"Vitofali vya kutosha tutavitoa wapi?" aliuliza Mutuma.

"Kwa daraja," alisema Kinya. Alikuwa amelifikiria tangu Alhamisi. "Tulibomoe lote. Ngome nayo ibaki huko ng'ambo mpaka likizo ya Aprili."

Wakalibomoa. Walikuwa wakianza ukuta wa kwanza wakati kochi lilipolia. Baba alikuwa ameketi kati yao, kofia bado kichwani.

"Nipeni rimoti moja," alisema.

"Inaitwa kontrola, baba."

"Nipeni hiyo hiyo."

Kinya alimpa yake. Yule wa kijani alitembea moja kwa moja mtoni akazama. Alipofufuka, akazama tena. Mama alikuja mlangoni na bakuli la njahi, maharagwe meusi aliyokuwa akichambua, akacheka mpaka mengine yakamwagika. "Mtu mzima anashindwa na maji ya televisheni!" Lakini pole pole baba alijifunza, na alipojifunza, aliwashangaza.

"Hapana, mafiga hayakuwa katikati. Yalisogea hapa, karibu na ukuta, ili mbuzi mdogo alale upande ule. Nilikuwa nikilala kando yake nilipokuwa mdogo, kulikuwa na joto. Na mlango, mbona mmeuelekeza barabarani?"

"Si ulikuwa hapo? Sisi tulikuwa tukitoka barabarani tunaingia," alisema Mutuma.

"Mlikuwa mkizunguka nyumba, mmesahau tu. Mlango ulitazama mlima. Mama alikuwa akiufungua asubuhi, anauangalia mlima. Ukiwa umejifunika mawingu, anasema leo hakuna kuanika mahindi." Baba alisukuma kofia nyuma. "Hiyo sauti yake ya asubuhi naisikia mpaka leo."

Wakaugeuza mlango kuelekea kilima cha buluu kilichokuwa mbali kwenye picha. Ilibaki boriti ya paa. Mutuma alishika mwisho mmoja, baba akampa Kinya kontrola yake.

"Shika hapo! Usiachilie!" alipaza sauti Mutuma.

"Nimeshika!"

Boriti ikanyanyuka, ikakaa mahali pake. Lilifanana na jiko la Juju kuliko lile la kwanza. Kinya alifurahi, na wakati huohuo aliona uchungu, kwa sababu safari hii alijua jinsi inavyouma kitu kikiondoka.

Baba alivua kofia.

"Kinya, nikuambie. Ulipoficha lile jambo, ulilibeba peke yako karibu wiki nzima, na hukuweza kurudisha hata kitofali kimoja. Uliposema ukweli, ulilia, kaka yako alikasirika, ndiyo. Lakini tazama waliokuja kukusaidia. Nami nimempata mama yangu leo. Ukikosa, sema mapema, mwanangu. Mtu hawezi kushika upande wa pili wa mzigo asiojua kwamba upo."

"Nimesikia, baba."

"Na mimi pia nimekosa," aliongeza. "Nimeishi na nyinyi bila kuuliza mnajenga nini."

Jumapili baada ya kanisa, Mutuma alirudi shuleni. Jumamosi iliyofuata, Kinya alikata majani, akasugua sufuria, akafua sare. Kisha aliwasha mashine na kumwacha yule wa kijani asimame mbele ya jiko, bila kwenda popote. Phyllis alipokuja, Kinya alimweleza lilikuwa jiko la nani, na Phyllis akaomba kuonyeshwa mahali alipolala mbuzi.

Kabla hawajamaliza, baba akaingia kutoka shambani, gambuti zake za mvua zimejaa matope. Mama alipiga kelele kuhusu sakafu. Baba hakusikia. Aliinama mbele ya televisheni, akaikagua nyumba kwa makini, mbavu zake zikaanza kutikisika kwa kicheko hata kabla hajasema neno.

"Na mlango uko wapi?"

"Uko, baba," alisema Kinya, akisogea kando kumwachia nafasi. "Unatazama mlima."