Swichi ya Nne

Kila asubuhi nyumba ile ilikuwa na sauti tatu. Barazani, nyundo ya fundi viatu iligonga soli. Chumba cha mbele, cherehani ya mkewe ilinguruma. Sebuleni, redio ya mama wa mkewe ilisema kwa sauti kubwa, maana masikio ya bibi huyo yalikuwa yamechoka.

Mtaani, fundi viatu aliitwa Bwana Najua. Ukimwambia mvua inakuja, anajua. Ukimwambia mtoto ana homa, anajua, na dawa anaijua. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu.

Siku hiyo cherehani ilizimika ghafla. Soketi ya ukutani ilitoa cheche, kisha harufu ya plastiki iliyoungua.

"Baba nanihii! Njoo uone!" mkewe aliita. "Na sare za shule zinatakiwa Jumatatu!"

Bwana Najua alikuja akifuta gundi mikononi. "Waya umelegea. Nafungua, nakaza, namaliza."

"Si tumwite fundi umeme hapo jirani?"

"Wa nini? Nashona buti za askari, waya mbili zinishinde?"

Alikwenda kwenye bodi ya swichi, ukumbini. Kulikuwa na swichi nne ndogo, na moja kubwa, swichi kuu. Akashusha ndogo ya kwanza. Taa ya chumba cha cherehani ikazimika.

"Baba, mbona huzimi ile kubwa?" aliuliza binti yao wa miaka kumi.

"Nikizima kubwa, redio ya bibi yako inanyamaza. Nani atakaa humu ndani leo?"

Akachukua bisibisi, akapiga magoti mbele ya soketi. Mkewe akamkonyeza binti. Binti akatoka mbio.

"Hodi!" Fundi umeme aliingia bila kungoja karibu. Alikuwa mwanamke mnene kidogo, amevaa ovaroli, penseli nyuma ya sikio. "Shemeji, toa mkono hapo."

"Usihofu, shemeji. Nimeshazima."

"Unajua umezima, au unadhani?"

"Najua."

"Umejuaje?"

"Taa imezimika. Huoni?"

"Hiyo taa imekupa habari za taa. Soketi umeiuliza?"

Mkewe alicheka chinichini. Bwana Najua akanuna. Akatoa mfukoni testa yake, bisibisi yenye kitaa kwenye mpini. Ikigusa umeme, kitaa huwaka. Akaiingiza kwenye soketi. Kitaa hakikuwaka.

"Haya, nimeiuliza. Imesema hapana. Umeridhika?"

"Testa yako ni nzima?"

"Nzima kabisa. Nimepewa na kaka yangu."

"Sikuuliza umepewa na nani. Unajua ni nzima, au unadhani?"

Bwana Najua aliigeuza testa mkononi. Binti alisogea karibu. Macho yake yalikuwa yamekodoka.

"Mama mdogo, mtu anajuaje kama testa ni nzima?"

"Hilo ndilo swali. Unaipima mahali ambapo umeme upo kweli. Hapa kwenu ni wapi?"

"Sebuleni! Redio inasema."

"Redio ina betri?"

Binti alifikiri. "Haina. Bibi alizitoa, akatia kwenye tochi yake."

"Safi. Twende."

Soketi ya sebuleni ilikuwa na sehemu mbili za plagi. Moja ilikuwa na plagi ya redio, ya pili ilikuwa wazi. Fundi aliingiza testa ya Bwana Najua kwenye ile iliyo wazi. Haikuwaka. Akaingiza yake mwenyewe. Ikawaka, nyekundu. Wakarudi wote chumba cha cherehani. Akaingiza testa yake kwenye soketi iliyoungua.

Ikawaka.

Bwana Najua alitazama vidole vyake. Vilikuwa vimelowa jasho. Akakaa sakafuni.

"Ningekufa," alisema.

"Pengine," alisema fundi. "Taa zina waya zake, soketi zina waya zake. Testa yako ni mbovu. Testa mbovu haikwambii umeme haupo. Haikwambii chochote."

"Lakini nilikuwa na uhakika kabisa."

"Ndiyo shida yenyewe. Anayejua ana uhakika, na anayedhani naye ana uhakika. Ndani ya kichwa vinafanana. Kwa hiyo usijiulize kama una uhakika. Jiulize, nimejuaje? Ukikosa jibu, ujue unadhani."

"Kwani kudhani ni vibaya?" aliuliza mke.

"Hata kidogo. Mimi nadhani kutwa nzima. Ila waya sishiki kwa kudhani."

Fundi akazima swichi kuu.

"Nani ameua redio?" bibi alifoka sebuleni.

"Vumilia, mama!" mke alijibu.

Mke aliwekwa kusimama mbele ya bodi, mtu asije akawasha. Fundi akapima soketi. Testa haikuwaka. Akatoka, akaenda kwake mlango wa pili, akaipima testa kwenye soketi yake inayofanya kazi. Ikawaka. Akarudi.

"Testa ni nzima, soketi haina umeme. Sasa najua." Ndipo akaifungua, akaweka soketi mpya. Umeme uliporudishwa, cherehani ilinguruma.

"Mambo ya waya niachieni mimi," alisema akikusanya vifaa. "Lakini swichi za nyumba yenu mzijue wenyewe."

Binti alileta karatasi. Akachora safu mbili. Moja akaiandika TUNAJUA, nyingine TUNADHANI. Baba akashusha na kupandisha swichi moja moja, wengine wakakimbia huku na huku kukagua.

"Taa zote zimezimika!" Hiyo ni ya kwanza.

"Cherehani imekufa! Na soketi ya barazani!" Ya pili.

Ya tatu haikuhitaji mtu kukimbia. Bibi alifoka tena.

Ya nne ikashushwa. Hakuna kilichozimika. Baba akaipandisha, akaishusha, akaipandisha. Kimya.

"Hii haina kazi," alisema. "Ndivyo ilivyo tangu tuhamie."

"Umejuaje, baba?"

Baba alijikuna shingo.

"Nadhani," alisema. "Andika huku."

Fundi aliweka vifaa chini. "Hata mimi sijui. Tuifuate."

Waya wa swichi ya nne ulipanda darini. Ukapita juu ya sebule, ukatoboa ukuta wa nyuma, ukatokea chini ya paa, uani. Zamani palikuwa na taa hapo. Mtu aliing'oa, akaacha ncha za waya wazi. Zilikuwa zimening'inia. Chini yake, kiasi cha kiganja kimoja, ulipita waya wa chuma wa kuanikia nguo. Mashuka yalikuwa bado yanadondosha maji.

"Rudini nyuma wote," alisema fundi. Akapanda kwenye ngazi yake ya mbao. Akagusisha testa kwenye ncha moja.

Kitaa kikawaka.

Mke alishika kifua. "Naanika hapa kila siku. Leo asubuhi nimeanika."

Bwana Najua alikimbilia ndani. Wakasikia swichi ya nne ikilia, tak. Akarudi akihema.

"Nimezima," alisema. Kisha akaitazama testa ya fundi. "Yaani, nadhani nimezima. Pima, shemeji."

Fundi akapima. Haikuwaka. Akateremka, akaenda sebuleni kuijaribu testa, akarudi. Akatikisa kichwa kukubali. Akazifunga zile ncha vizuri, moja moja, akaupandisha waya juu na kuukaza chini ya paa.

Binti alifuta swichi ya nne kwenye safu ya kudhani, akaiandika kwenye safu ya kujua. Mama yake akasogea, taratibu, akanyoosha mkono, akashika shuka.